Gari Lililonyamaza Mbele ya Mafundi

Nikirudi nyuma kwenye ujana wangu, mwanangu, siku inayonijia kabla ya zote ni ile asubuhi Mzee Ramadhani alipoingia tena gerejini kwetu na lile gari lake jekundu. Alizima injini, akashuka taratibu, akavua kofia na kuniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, bado linalia."

Wenzangu waligeukia ukutani wapate kucheka bila kuonekana.

Wewe umenijua nikiwa hivi, bibi wa miwani anayepanda ngazi kwa kushika ukuta. Lakini wakati ule sikuwa nimefika miaka thelathini, na ukiuliza Kibuli au Nakawa, kule Kampala, "Zubeda yuko wapi?" watu wangekujibu, "Yupi, yule mwanamke fundi?" Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Lira, Odongo, aliyetengeneza malori ya jeshi mpaka alipostaafu, kisha akafungua gereji chini ya kilima cha Kibuli. Sote tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, hakijali ngeli wala adabu za vitabuni, lakini akisema neno ulilielewa mara moja.

Mzee Ramadhani naye alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa Uganda kutoka Sudan enzi za Waingereza. Alikuwa dereva wa polisi maisha yake yote. Lile gari alilinunua likiwa bovu, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akalifufua kidogo kidogo kila alipopata nafasi. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, pua ndefu, limekaa chini hata ukiingia ndani unajiona umeketi barabarani. Hata wakati ule lilikuwa la zamani. Watoto wa mtaani walilikimbilia likipita. Kila Ijumaa mkewe, Mama Hajra, aliketi pembeni yake wakaenda kusalimia ndugu zao kule Bombo, na kitambaa chake cha kichwa kikipepea dirishani.

Kisha Mama Hajra akafariki. Haikuchukua muda, mzee akaanza kusikia mlio.

Alisema ni mlio mwembamba, kwi, kwi, kwi, kama wa ndege aliyenaswa, unatoka chini karibu na kiti cha mkewe. Gereji ya kwanza aliyokwenda wakambadilishia mkanda wa feni. Mlio ukabaki. Ya pili wakambadilishia pedi za breki. Ya tatu wakafungua magurudumu wakaweka beringi mpya. Mlio ukabaki. Na kila fundi aliyelipeleka gari barabarani kulijaribu alirudi na jibu moja: mzee, gari lako limetulia kabisa. Ndipo akaja kwetu. Nililiendesha mara kadhaa, nikashuka nalo hadi Nakawa na kurudi, nisisikie chochote ila injini yake nzuri. Wenzangu wakaanza kumwita mzee wa panya, kwamba labda ana panya ndani ya kiti.

Asubuhi ile nililizungusha tena. Kimya. Nikamrudishia ufunguo, naye akaupokea bila kubishana, akasema, "Pengine kesho litasema," akaondoka.

Jioni yake akaja binti yake, Mariam. Alikuwa akiuza nguo sokoni Nakawa, mwanamke mchangamfu, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umechoka. Alinivuta pembeni.

"Dada Zubeda, nataka unisaidie jambo moja. Umwambie Baba kwamba gari ni zima."

"Nimeshamwambia."

"Umwambie kwa mkazo. Umwambie kwamba hakuna mlio, haujawahi kuwapo." Macho yakamjaa machozi. "Tulimpeleka hospitali ya Mulago akapimwe masikio. Wakasema masikio yake ni mazuri kuliko ya umri wake. Sasa kama masikio ni mazima na gari ni zima, kilichobaki ni nini? Ni kichwa, dada. Tangu Mama aondoke anasikia kitu kinalia pale pale Mama alipokuwa akiketi. Unaelewa?"

Nilielewa.

Akaniambia kaka yake, Idi, amepata mnunuzi Mbale. Jumamosi angelipeleka gari huko mwenyewe, kwa barabara kuu, na mzee asiendeshe tena. Walichohitaji ni neno la fundi, ili baba yao akubali bila moyo kuvunjika. Nilimwonea huruma Mariam. Nikamwahidi nitasema.

Afande alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga pale karibu, na alikuwa amesikia yote. Mariam alipoondoka akaniita.

"Zubeda. Gari ya mzee iko na shida gani?"

"Haina shida, Afande. Sijasikia mlio wowote."

"Mimi hapana uliza kama wewe nasikia. Mimi nauliza gari iko na shida gani."

Nikaokota spana nikaanza kuifuta.

"Wewe nakwenda barabarani na nani? Na mzee?"

"Peke yangu."

"Na mzee iko wapi?"

"Hapo kwenye benchi, anasubiri."

Akajifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, kama alivyozoea akikasirika. "Mtu nakuambia nyumba yake inavuja, wewe nakwenda kuangalia wakati wa jua, halafu nasema yeye ni mwongo. Hiyo ni kazi gani? Umemuuliza mlio nakuja saa gani? Barabara gani? Mbio ama polepole? Umeketi pale yeye naketi?"

Sikuwa nimeuliza hata swali moja. Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, na mengi nimeyasahau, lakini lile la Afande nililibeba mpaka nyumbani, nikala chakula nalo. Nilijiambia kwamba kabla ya Jumamosi nitakuwa nimejua. Kama mlio upo, nitaushika kwa mkono wangu. Kama haupo, nitamwambia mzee mwenyewe, uso kwa uso, nikiwa na haki ya kusema.

Kesho yake sikumsubiri aje. Nilipanda mwenyewe hadi kwake, juu kidogo ya msikiti wa Kibuli. Nilimkuta uani, suruali ameikunja magotini, amepiga goti kwenye saruji na mpira wa maji mkononi, anaosha chini ya gari. Siyo ubavuni, mwanangu. Chini kabisa, kule kusikoonekana na mtu.

"Nilikuwa najiandaa kuja kwako," akasema, akaona haya kidogo kwa kukutwa amelowa.

"Baba, kila ukija kwetu unaliosha hivi?"

"Kila mara. Nilipokuwa kazini, gari halikwenda kwa fundi likiwa chafu. Fundi atalala chini yake. Utamlaza kwenye tope?"

Aliniletea chai ya tangawizi, nami nikaanza kumuuliza maswali ya Afande, moja baada ya jingine. Mlio unakuja lini? Gari likienda polepole. Likishika mbio unapotea. Barabara gani? Hasa mteremko wa hapa Kibuli. Injini ikiwa baridi au moto? Hakuna tofauti. Na mvua ikinyesha?

"Mvua ikinyesha linanyamaza siku nzima," akasema. "Nilimwambia yule fundi wa kwanza. Alicheka, akasema gari halina mafua."

Niliweka kikombe chini. Nilitazama lile gari, maji yakidondoka tone kwa tone kutoka tumboni mwake, nikaona jambo ambalo sote tulilipita. Chuma kikavu hulia. Ukikimwagia maji hutulia kwa muda. Mzee huyu, kwa heshima yake kwetu sisi mafundi, alikuwa anaunyamazisha mlio kila asubuhi kabla ya kutuletea tuusikilize.

"Baba," nikamwambia, "usilioshe tena mpaka nikuambie."

Aliniangalia kama niliyemwambia aje gerejini bila viatu. Lakini akafunga bomba.

Usifikiri mambo yalinyooka pale pale. Siku ile ile alasiri mvua ya Kampala ikashuka, ile inayogeuza barabara kuwa mifereji, na kibanda alichoegeshea gari kilikuwa kinavuja. Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, tulilitoa hivyo hivyo, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imekaribia. Nilimwomba Mariam aje nasi, akajikunja kiti cha nyuma ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, mimi nikaketi pale alipokuwa akiketi mama yake, mzee akashika usukani. Tulipanda, tukateremka, tukazunguka mpaka karibu na soko la Nakawa. Gari likawa kimya kama limelala. Mzee alikuwa akiinama kidogo kuelekea kwangu, anasubiri, na kila tulipomaliza mteremko bila kusikia kitu mabega yake yalishuka zaidi. Tuliporudi, niligeuka kumtazama Mariam. Alinitazama tu, na nilisoma machoni mwake: unamfanyia nini baba yangu?

Nilirudi gerejini na lile gari nikiwa nimevunjika moyo. Afande akauliza. Nikamwambia halikulia.

"Chini iko na maji bado?"

"Bado."

"Sawa. Basi ngoja ikauke. Wewe nataka kulia kwa nini?"

Mchana kutwa jua liliwaka. Tulilisukuma gari likae nje, tukalifungua milango, na nikalala chini yake na kitambaa kikavu nikifuta kila nilipofikia. Ijumaa asubuhi nilipopitisha kiganja chini ya tumbo lake kilirudi na vumbi.

Tukasubiri swala ya Ijumaa iishe. Mzee akashika usukani, Mariam akaketi nyuma, mimi pale pale, tukapanda hadi juu. Tulipoanza kuteremka kilima, watu walikuwa wakitoka msikitini, wamejaa barabara nzima, na bodaboda zimesimama pembeni zikisubiri abiria. Haikuwezekana kwenda ila mwendo wa mtu anayetembea. Madirisha yalikuwa wazi. Tulipofika penye ukuta mrefu wa shule iliyo kando ya barabara, ukuta ukaturudishia sauti zote za gari letu, nami nikasikia.

Kwi. Kwi. Kwi. Kwi.

Mwembamba, wazi, unatoka chini ya mkono wangu wa kulia, kati ya viti viwili.

Mzee hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mmesikia?"

"Nasikia, Baba," Mariam akajibu kutoka nyuma. "Nasikia." Akamshika bega, na hakuliachia mpaka chini.

Sasa, mwanangu, kuusikia mlio ni jambo moja, na kujua unatoka wapi ni jingine. Waliotangulia walikosea kwa sababu walisikia neno "mlio" wakakimbilia spana. Mimi nilimwambia mzee ageuze, tupande tena, na safari hii tulihoji gari hatua kwa hatua. Nikamwambia akanyage klachi. Mlio uliendelea. Nikamwambia atoe gia, gari litiririke lenyewe, injini ikiunguruma taratibu. Uliendelea. Kwa hiyo haukuwa wa injini wala wa mikanda yake. Nikamwambia aguse breki kidogo tu. Haukubadilika, kwa hiyo haukuwa wa breki. Lakini gari lilipopunguza mwendo, mlio ulipunguza nao, na lilipozidisha, ukafuatana haraka haraka. Basi ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Nikashuka. Nikachora mstari wa chaki kwenye gurudumu la nyuma, nikamwambia mzee ateremke mwendo wa kobe, nami nikatembea kando nimeinama, naangalia chaki na kusikiliza. Watu waliotoka kuswali walisimama kutazama. Bodaboda mmoja akaniita, "Nnyabo, mama, umepoteza pesa?" Niliendelea kuhesabu. Kila chaki ilipozunguka mara moja, mlio ulikuja mara tatu na kitu. Kama ungekuwa wa gurudumu, ungekuja mara moja. Chini ya gari la aina ile kuna kitu kimoja kinachozunguka kwa haraka kiasi hicho: propela, lile bomba refu la chuma linalochukua nguvu kutoka kwenye giaboksi mbele na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Nalo linapita pale pale, kati ya kiti cha dereva na kiti cha Mama Hajra.

Tulilipeleka gerejini polepole, mimi nikitembea mbele kama ninayeongoza maharusi. Tukalipiga jeki, tukaliweka juu ya stendi, nikaingia chini na tochi. Kila mwisho wa propela una kiungo, kipande cha chuma cha umbo la msalaba tunachokiita krosi, kinachoiruhusu ipinde gari linaporuka mashimo. Krosi ya nyuma ilikuwa nzima. Nilipofika ya mbele niliona unga mwekundu wa kutu umezunguka kifuniko chake, laini kama pilipili ya kusaga. Nikaishika propela kwa mikono miwili nikaitikisa. Ikacheza. Kitu ambacho hakitakiwi kucheza hata unene wa unywele kilicheza mkononi mwangu.

Afande akaingia chini akalala kando yangu, akaitikisa naye. Akavuta pumzi kupitia meno.

Tulipoifungua, ndani ya kifuniko kimoja vile visindano vidogo vya beringi vilikuwa vimesagika vyote, havina tone la grisi. Afande akaichukua ile krosi akaiweka kiganjani mwa Mzee Ramadhani, mbele ya Mariam, mbele ya Idi aliyekuwa amefika kuuliza kuhusu safari ya Mbale, na mbele ya wale wenzangu waliomwita mzee wa panya.

"Hii ndiyo ilikuwa inalia," akasema. "Ikatike mkiwa mbio, propela naanguka mbele, nachoma barabara, gari naruka juu. Nani alikuwa anaendesha kesho?"

Idi akainua mkono, kama mwanafunzi. Kisha akaushusha, akaketi kwenye benchi.

Kuna watu wangetumia nafasi ile kuwakumbusha wengine walivyosema. Mzee Ramadhani hakufanya hivyo. Alikuwa akiizungusha ile krosi kiganjani, anaisikiliza inavyokwaruza. Mariam alipomwambia, "Baba, tusamehe," alitikisa kichwa.

"Niwasamehe nini? Mliogopa. Mimi niliogopa kuliko ninyi." Akafumba kiganja juu ya ile krosi. "Usiku nilikuwa nafunga masikio kwa pamba, nione kama mlio utakuja hata chumbani. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ninapotea, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana aliyekuwa ananisikiliza amekwenda."

Mariam akalia hapo, na sisi tukajifanya tunatafuta spana.

Nilichukua bodaboda nikazunguka maduka ya vipuri mjini na ile krosi kuukuu mfukoni, nikiipima na kila niliyoonyeshwa, maana za gari lile hazikupatikana tena. Mwishowe nilipata ya pikapu ndogo iliyoingia sawasawa. Nilijaza grisi mpya, nikafunga, nikarudi na mzee kwenye ule mteremko siku ya ukavu, vumbi tupu chini ya gari. Tukasikia matairi, na upepo, na watoto wa shule. Basi.

Safari ya Mbale haikutajwa tena. Aliliendesha gari lake miaka kadhaa baada ya hapo, na Mariam ndiye aliyeketi pembeni siku za Ijumaa. Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Mariam alikuja kunisimulia jinsi alivyojipa moyo kumwambia baba yake, akitarajia vita. "Baba, jana hukumwona yule mwanamke aliyevuka. Mimi nilimwona, wewe hukumwona." Mzee akatoa ufunguo mfukoni akamwekea mkononi. Alimwambia, "Niliposema nasikia, mlikuja mkaketi mkasikiliza. Sasa wewe unasema sioni. Nitakataaje?"

Kwa hiyo nasema nawe wazi, mwanangu, nisikuache ubahatishe. Mtu akikuambia kuna kitu kinamuumiza au kinamtisha, nawe ukitazama hukioni, usiseme hakipo. Sema hujakiona bado, kisha inuka uende. Keti anapoketi yeye. Nenda saa anayokwenda yeye, kwa mwendo wake, kwenye barabara yake. Muulize, na akikujibu usicheke, kwa sababu jibu unalolicheka linaweza kuwa ndilo. Usikimbilie kubadilisha vitu ili uonekane unafanya kazi. Na ukirudi mikono mitupu siku ya kwanza, subiri pakauke, urudi tena. Atakayeona kwamba ulimwamini mapema, naye atakuamini siku utakapomletea neno gumu.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza mpaka mwisho, na akupe watu watakaokusikiliza nawe utakapozeeka. Mikono yako ipate kazi ya halali, na kila anayekuja kwako na hofu aondoke akiwa mwepesi. Amina, mwanangu. Nenda salama.